Kila Mtu na Hamsini Zake

Baba mdogo alitaka hamsini. Niseme vizuri: alitaka chini ya hamsini, arobaini na tisa au pungufu, kwenye mashimo tisa ya kiwanja cha gofu cha Musoma, mara moja tu kabla hajafa. Alipoanza kusema hivyo hakuwa na sababu yoyote ya kufikiria kifo. Alikuwa mtu mzima mwenye kifua kipana, bwana mifugo anayeingia kwenye zizi la watu na ng'ombe wakampisha. Alisema "kabla sijafa" kama watu wanavyosema, bila kukiita kifo chenyewe.

Kwa asiyeujua mchezo huo, mpira ni mdogo kama yai la kanga, unaupiga kwa fimbo ndefu mpaka uingie kwenye shimo lililo mbali, kisha unakwenda shimo la pili, hivyo hivyo hadi la tisa. Kila pigo linahesabiwa. Mshindi ni aliyepiga mara chache. Ni mchezo wa kupunguza, na kama msomaji atakumbuka hilo moja, mengine yote ataelewa.

Kiwanja kilikuwa karibu na ziwa, mahali ambapo upepo wa mchana unageuza kofia. Wazungu walikiacha na mashine moja ya kukatia majani, ambayo ilikufa Uhuru ulipokuwa bado mchanga. Kazi yake ikachukuliwa na ng'ombe wa majirani. Penye shimo hapakuwa na majani. Palikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili upepo usiupeperushe, na kabla ya kupiga ulivuta gunia juu yake kusawazisha nyayo. Ukimaliza kucheza, viatu vinanuka gereji.

Ng'ombe wale waliacha alama za kwato kila mahali. Wakati wa mvua mguu wa ng'ombe unazama, jua likiwaka unabaki shimo gumu kama kikombe, na mpira ukiingia humo hautoki. Kwa hiyo baba mdogo alikuwa na sheria yake, ambayo nadhani aliitunga mwenyewe: mpira ukilala kwenye kwato unauinua, unauweka pembeni, na hauhesabiwi.

"Kwato si kosa la mpigaji," alisema.

"Na upepo je, tata?" nilimuuliza. Nyumbani kwetu Mugango tunawaita tata baba zetu wote, wakubwa kwa wadogo. "Upepo ni kosa la mpigaji?"

"Upepo unauona unakuja."

"Na jiwe?"

"Wewe ulipelekwagwa chuo kikuu kujifunza kuuliza tu, au kuna siku walikufundisha kunyamaza?"

Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na digrii, na kazi katika ofisi ya kilimo ya mkoa, na kichwa kilichojaa maswali ambayo pale Mlimani yalinipa heshima na Musoma yalinipa sifa ya mtu asiyelala vizuri. Nilipanga chumba kwa baba mdogo. Yeye ndiye aliyenilea tangu baba yangu alipofariki, yeye ndiye aliyeninunulia viatu vya kwanza. Kila Jumamosi mchana alinibebesha mfuko wa fimbo ulioachwa na daktari mmoja wa mifugo, Mzungu, na akanilazimisha nami nicheze. Tulicheza wawili. Wengine walikuwa wamehama, au wameacha, au waliona si busara kuonekana pale.

Yeye kwa miaka alikuwa amezunguka hapo hapo. Hamsini na tatu, hamsini na sita, hamsini na mbili. Mara moja alipata hamsini kamili, akakaa chini penye shimo la tisa kama mtu aliyefiwa. Hamsini si chini ya hamsini.

"Lakini kwa nini hamsini?" nilimuuliza siku ile. "Nani kaiweka? Kwa nini isiwe hamsini na tano?"

"Nimeiweka mimi."

"Basi unaweza kuiondoa."

"Mtu asiye na lengo anatembea tu."

"Mimi natembea tu, na nafurahi."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Hufurahi wewe," alisema. "Ungekuwa unafurahi usingeuliza."

Nilikuwa na sababu ya kuchukia malengo. Kazi yangu ilikuwa kwenda Bunda na kuyasoma mbele ya wakulima wa pamba. Lengo lilitoka juu, likiwa kubwa kuliko la mwaka uliopita, hata kama mwaka uliopita mvua ilikuwa imekata katikati na pamba ikafunga vitumba vya ukubwa wa punje ya njugu. Mama mmoja, akiwa amesimama na jembe begani, aliniuliza, "Mwanangu, hii tarakimu mmeipata wapi? Mvua imewaandikia?" Watu walicheka. Nilicheka nao, halafu nikaisoma tarakimu tena, kwa sauti, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya.

Kwa hiyo nilipiga mipira yangu bila lengo, nikitazama ziwa, nikigombana kichwani na watu ambao hawakuwepo. Jumamosi moja nilikuwa nawaza hotuba fulani niliyoisikia Butiama. Nilipiga, nikatembea, nikapiga. Mwishoni baba mdogo alinijumlishia, kwa sababu mimi sikuwa nimehesabu.

"Arobaini na nane," alisema.

Nilidhani amekosea. Akanihesabia upya, shimo kwa shimo, bila kuruka hata pigo moja, na sauti yake ilikuwa ya haki kabisa. Halafu akavua kofia na kunyoosha mkono. "Hongera, mwanangu."

Niliupokea mkono ule, na ndani ya kiganja changu ukawa unatetemeka.

Nilidhani ni hasira, au uchungu anaouficha. Nilimtazama usoni na uso ulikuwa umetulia, hata unatabasamu. Mkono tu ndio uliokuwa na mambo yake. Ulitetemeka kama kuku uliyemshika miguu, taratibu, bila kukata. Naye akaona kwamba nimejua, akautoa na kuutia mfukoni.

"Tangu lini, tata?"

"Mwacheni mtu na mkono wake."

Ilikuwa tangu masika ya kabla ya hapo. Wafugaji walikuwa wamejua kabla yangu. Kule Butiama, kwenye josho la kuogeshea ng'ombe, alishindwa kumchoma ndama sindano, ikabidi mwenye ndama amshikie mkono, na mzee mmoja akasema kwa upole kwamba bwana mifugo apumzishwe, amechoka. Nilimpeleka misheni ya Nyegina kwa sista aliyekuwa anasifiwa kwa tiba. Alimwambia atembee kwenda mlangoni na kurudi, akamwambia agusanishe vidole, akamwangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema ukweli, na mpaka leo namshukuru kwa hilo: ugonjwa huo anaufahamu, utakwenda polepole, kwanza mkono huu, baadaye ule, na yeye hana dawa ya kuurudisha nyuma. Nilimuuliza maswali mengi. Kwa nini unaanzia mkononi? Unasababishwa na nini? Dawa za majosho? Alijibu sijui, sijui, hatujui. Ilikuwa mara ya kwanza nakutana na mtu anayenijibu hivyo bila aibu, na sikuwa na pa kwenda kutoka hapo.

Njiani baba mdogo alisema jambo moja tu. "Basi niharakishe."

Alianza kwenda kiwanjani kila jioni. Aliomba kustaafu kabla ya wakati, wakamkubalia. Alifunga mpira wa baiskeli kwenye mshiko wa fimbo usiteleze. Alijaribu kuvuta pumzi, kuishikilia, kupiga. Mapigo ya mbali bado alikuwa nayo, kwa sababu mwili mzima ukizunguka mkono unafuata. Lakini penye mchanga, karibu na shimo, panapohitaji mguso mdogo kama wa kumfuta mtoto chozi, pale mkono ulimsaliti. Nilikuwa nashika kibendera cha shimoni na kutazama. Nani anaweza kumsaidia mtu kugusa mpira? Hamsini na nane. Sitini. Kila nilichojua, nilichosoma, nilichokataa kuamini, hakikuwa na kazi yoyote pale.

Ndipo tulipoitwa kwenye mkutano wa tawi la chama.

Mwenyekiti wa tawi alikuwa mkulima wa pamba aliyehamia kutoka upande wa Bunda, mtu mwenye sauti kubwa na moyo safi. Ajenda zilikuwa shamba la pamoja na mahudhurio. Fundi cherehani mmoja akasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, kuna mzee wetu hapa tunamheshimu, lakini anachezaga mchezo wa wakoloni. Sisi tuko na jembe, yeye yuko anafukuza yai kwa fimbo."

Watu wakacheka.

"Si yai, ni mpira," akasema baba mdogo kutoka alipokaa.

"Mpira gani hauna timu?" akajibu fundi. "Mpira gani hauna hata golikipa? Anaupiga, anaufuata mwenyewe, anaupiga tena. Kama anauchukia si auache?"

Walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. "Mzee, simama utueleze. Mchezo huu una maana gani kwa mtu wa Ujamaa?"

Baba mdogo alisimama, mkono mfukoni. Nilijua hana jibu. Mimi nilikuwa nimemuuliza swali hilo hilo mara nyingi, kwa maneno mazuri zaidi, na hakuwahi kunijibu.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "mimi nina lengo langu."

Neno lile lilibadilisha chumba. Mwenyekiti alikaa wima. "Lengo? La ngapi?"

"Hamsini."

"Na juzi Jumamosi umefikisha ngapi?"

Baba mdogo hakuwahi kudanganya hesabu ya gofu, na hakuanza siku ile. "Sitini na tatu."

"Sitini na tatu!" Mwenyekiti alisimama. "Mmesikia? Lengo hamsini, mzee kafikisha sitini na tatu! Amevuka lengo! Na ni mtu mmoja, mgonjwa, hana timu kama anavyosema fundi. Sisi na timu yetu nzima shamba la pamoja tumefika wapi? Nusu! Mpigieni makofi."

Walimpigia makofi. Mwanamke mmoja alipiga kigelegele. Nilinyoosha mkono kueleza kwamba kuna kosa, kwamba huko kuvuka ndiko kushindwa kwenyewe, na baba mdogo akanikanyaga mguu kwa kisigino mpaka nikaushusha.

"Kwa nini hukuwaambia?" nilimuuliza tulipotoka.

"Niwaambie nini? Nikae kwenye mkutano nithibitishe kwamba nashindwa?"

"Lakini ni uongo, tata."

"Nimesema uongo gani? Waliniuliza tarakimu, nimewapa. Wewe kule Bunda unawapa za kweli?"

Alitembea mbele kidogo, kisha akasema bila kugeuka, "Kila mtu na hamsini zake," na mabega yake yakaanza kutikisika. Ilinichukua muda kutambua kwamba anacheka.

Jina likamganda. Wanawake waliouza samaki, ningu na sato, pale mwaloni mitumbwi inapotia nanga, walimwita Mzee Kuvuka. "Mzee Kuvuka, leo umevuka?" "Nimevuka, mama." "Ngapi?" "Sitini na saba." "Weee! Mwongezeeni samaki huyo, wanaume wa siku hizi hawavuki hata barabara." Na kweli walimwongezea furu wawili watatu juu ya fungu lake. Alipokea kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa haushiki tena, akiomba radhi kila mara kwa kupokea kwa kushoto.

Mkutano uliofuata walimpandishia lengo liwe sabini, kama pamba. Alisimama na kushukuru. Ule ugonjwa ulivyozidi kumla, ndivyo taarifa zake zilivyozidi kupendeza. Alipofika sabini na nne mwenyekiti alimtolea mfano mbele ya wageni waliotoka wilayani, na mimi nilikuwa miongoni mwa maofisa walioketi mbele, nikipiga makofi. Ningefanya nini? Nimtetee? Dhidi ya nani, dhidi ya watu wanaompenda?

Kisha tawi likaamua kupanda mihogo kiwanjani. Siwezi kusema walikosea. Watu wanakula mihogo, hawali gofu. Mwenyekiti mwenyewe alikuja nyumbani kuomba radhi. Alisema wataanza na upande wa barabara, na upande wa ziwa wataacha kwanza, ili mzee aendelee na lengo lake. Mashimo matatu yakalimwa, halafu mawili mengine.

Hapo nilidhani ataiacha ile hamsini. Kila mtu mwenye akili angeiacha. Yeye akanitangazia kwamba, kwa kuwa kiwanja kimebaki na mashimo manne, lengo lake ni chini ya hamsini kwa mashimo manne.

"Huo ni wizi," nilimwambia. "Huwezi kuacha tarakimu ile ile ukakata kiwanja."

"Kiwanja nimekikata mimi? Si kimelimwa?"

"Lakini maana ya hamsini ilikuwa mashimo tisa. Ukibadilisha hivyo hamsini haina maana."

"Wewe ulisemaga tangu mwanzo haina maana," alisema. "Sasa leo unailinda?"

Tulikwenda. Mkono wa pili nao ulikuwa umeanza, na miguu ilikuwa inaburuta kwenye majani. Mashimo manne yakamshinda. Akasema matatu. Mvua za vuli zikapita, mihogo ikashika, na majani yake yakawa yanatuzuia kuona kibendera. Akasema mawili. Sikubisha tena. Nilikuwa nimeanza kuiogopa siku ambayo hataniambia idadi yoyote.

Siku ya mwisho ya kwenda lilikuwa shimo moja, lile la ziwani, fupi kuliko yote. Zamani alilimaliza kwa mapigo matano akiwa anazungumza. Alipiga la kwanza na mpira ukasogea kama hatua tatu za mtoto. Niliita, "Moja." Akapiga. "Mbili." Ng'ombe walikuwa wamesimama wanatutazama. Tulikwenda hivyo, yeye akipiga na kupumzika akiegemea bega langu, mimi nikiita. Mara mbili mpira uliingia kwenye kwato, nikauinua na kuuweka pembeni, naye akatikisa kichwa kukubali. Tulipofika kwenye mchanga nilikuwa nimeita arobaini na kitu. Mchanga ulikuwa hauna oili tena; oili ilikuwa haipatikani hata kwa magari. Nilivuta gunia. Mpira ulikuwa umbali wa mkono kutoka shimoni.

Arobaini na sita, ukapita pembeni. Arobaini na saba, haukufika.

Sasa ulikuwa umbali wa shubiri. Aliweka fimbo nyuma ya mpira na kusubiri mkono utulie. Haukutulia. Fimbo ilikuwa inacheza kushoto na kulia juu ya mchanga, ikichora vimistari vidogo, na kabla hajafanya chochote iligusa mpira. Ukajisogeza kidogo, ukasimama.

Sikuita.

"Hesabu," alisema.

"Tata, hujapiga bado."

"Mpira umesogea."

"Umesogezwa na mkono. Wewe hukukusudia." Nilisikia sauti yangu inaharakisha. "Hiyo ni kwato. Kwato si kosa la mpigaji."

Aliitazama fimbo kwa muda. "Kwato imeachwa na ng'ombe, ng'ombe mwenyewe ameshapita," alisema. "Huyu hajapita. Huyu ni mimi."

"Si wewe."

"Basi ni nani? Wewe uliyesoma, niambie. Mimi naishia wapi, na huu mkono unaanzia wapi? Nikikusudia inahesabiwa, nisipokusudia haihesabiwi, sawa. Na hizo zote ulizoita tangu kule? Zipi nilipiga mimi, na zipi ulipiga mkono?"

Nilikuwa nimeuliza maswali maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kunirudishia moja namna hiyo. Nilisimama na kibendera. Akaweka tena fimbo nyuma ya mpira, na kabla hajavuta pumzi fimbo ikaugusa tena, na tena, ukawa unajiviringisha kwa vituo, mara kuelekea shimo, mara kuliacha.

"Hesabu, mwanangu," alisema, bila ukali.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa najua tarakimu inayofuata, na inayoifuata hiyo, na kwamba baada yake ni hamsini. Fimbo iliendelea kugonga mpira taratibu, tik, tik, na yeye akaendelea kusubiri sauti yangu.